Nukta Nilizomfundisha Mke Wangu

Mke wangu aliondoka Makambako kwenda kwao kumuuguza mama yake, akasema atakaa majuma mawili. Miezi minne ikapita, nami nikawa bado napika peke yangu. Hapo ndipo nilipoanza kulifikiria goti la mama mkwe wangu kwa bidii, na sitaki kujisifu kwamba ilikuwa huruma. Nilitaka mke wangu arudi nyumbani.

Nilikuwa dresa wa zahanati ya serikali. Kazi ilikuwa kusafisha vidonda, kufunga bandeji, kugawa kwinini na dawa ya kikohozi, na kumwandika kila mgonjwa katika kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Nyumba niliyopewa ilikuwa nyuma ya zahanati, chumba kimoja na sebule. Makambako ya wakati ule haikuwa mji. Ilikuwa njia panda tu: maduka machache ya Wahindi, malori yanayosimama ili dereva anywe chai, na upepo. Upepo wa Makambako hauna adabu. Huingia bila hodi na kukaa. Mke wangu alipokuwepo tulikuwa tukiusema vibaya pamoja. Alipoondoka niligundua kwamba mtu mmoja hawezi kuusema upepo vibaya. Anausikiliza.

Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Naeleza hivyo ili ieleweke ukimya wa nyumba ile ulikuwa wa namna gani. Saa kumi nilifunga zahanati, nikafua kaptura ya kazi, nikasonga ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja ni mgumu kusonga, sufuria haikubali. Kila jioni ulibaki, na kila asubuhi nilikula kiporo nikiwa nimesimama. Jumapili, baada ya ibada, watu waliniuliza, "Mama hajambo? Atarudi lini?" Nikajibu, "Karibuni." Baada ya muda wakaacha kuuliza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, akiishi kijijini mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Njombe mjini. Watoto wake wa kiume wawili walikuwa wamekwenda Tanga kwenye mkonge, na mke wangu ndiye aliyekuwa binti pekee. Goti la kulia la mama lilikuwa limevimba na kukakamaa. Hakuweza kushuka mtoni wala kupanda shambani, na asubuhi za baridi hakuweza hata kuinuka bila kushikwa. Hesabu yangu ilikuwa fupi: goti likipona, mke wangu atakuwa huru.

Na mimi nilijua kitu kuhusu magoti.

Nilikijua kutoka vitani. Nilikuwa mhudumu katika hospitali ya jeshi upande wa India, karibu na mpaka wa Burma. Tulikuwa tunabeba majeruhi kutoka kwenye magari hadi vitandani, na baada ya miezi michache mgongo wangu ulikataa. Niliamka kila siku nimejikunja kama mundu. Katika hospitali ile alikuwepo seremala Mchina, mtu wa makamo, aliyetengeneza magongo ya majeruhi na masanduku ya waliokufa. Siku moja aliniona nimejishika kiuno kwa mikono miwili. Akaweka randa chini, akanilaza kifudifudi juu ya meza yake, katikati ya maranda ya mbao, akanichoma sindano mbili nyembamba kama unywele nyuma ya magoti, moja kila mguu. Nilimwambia kwa Kihindi cha kambini kwamba ninaumwa mgongo, si miguu. Akanipigapiga begani kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Nilipoinuka nilisimama wima, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa wiki tatu.

Tangu siku hiyo nilikwenda kwenye karakana yake kila nilipopata nafasi. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kichina, na Kihindi chetu sote wawili kilitosha kuombea maji na kuni. Kwa hiyo alinifundisha kwa mwili. Alichora nukta kwenye ngozi yangu kwa wino, kisha akaigiza ugonjwa. Alijishika tumbo, akajifanya anatapika, halafu akabonyeza upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu juu ya mkunjo wa kiganja, katikati ya kano mbili. Alikunja uso kama mtu ambaye kichwa kinampasuka, kisha akabana nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kuna nukta iliyo chini ya goti, upande wa nje wa muundi. Hiyo aliifundisha kwa kutembeza vidole viwili juu ya meza mpaka vikachoka, vikaanguka. Akaibonyeza nukta. Vidole vikainuka, vikatembea tena mbali kuliko mwanzo. Jioni nilinakili kila kitu katika daftari kabla sijaoga, maana nikioga somo lote lingekwenda na maji. Niliporudi Tanganyika nilikuwa na nukta ishirini na sita, na sindano tano alizonipa ndani ya kibomba cha mwanzi.

Pale zahanati sikuzitumia. Serikali haikuniajiri kwa ajili hiyo. Lakini goti la mama mkwe halikuwa la serikali.

Niliomba ruhusa ya siku tatu. Kabla ya kuondoka nilichonga kijiti cha mwanzi na kukitia alama: upana wa kidole kimoja, viwili, vitatu, vinne. Nilivipima kwa mkono wangu mwenyewe, kwa uangalifu, nikakifunga kwa karatasi safi. Nilijua kwamba sitaruhusiwa kuligusa goti lenyewe. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo imetulindia nyumba nyingi. Ila aliyeitunga hakufikiria goti.

Basi niliketi nje chini ya upenu, mgongo wangu ukiegemea ukuta wa mianzi na udongo. Mama mkwe alikuwa ndani, karibu na jiko, mguu ameunyoosha. Mke wangu alikuwa kati yetu. Nilikuwa sijamwona kwa miezi minne, na sasa nilikuwa namsikia tu.

"Kamwene," sauti ya mama mkwe ilisalimu, si kwangu, bali kwa paa.

Nikaitikia nikiutazama ua.

"Mwambie mgeni wako alete hizo sindano tuzione."

Mke wangu alitoka, akachukua kibomba, akaniangalia mara moja kwa jicho la kucheka, akaingia. Kisha:

"Hii haina tundu."

"Haina, mama."

"Sasa dawa inapitia wapi?"

"Anasema haina dawa. Ni yenyewe tu."

"Sindano isiyo na dawa ni ya kushonea, na mimi si gunia. Wakati wa buba tulichomwa sindano za kweli, tukaiona dawa ikiingia kwa macho yetu. Mrudishie akashonee kaptura yake."

Nilisikia mke wangu akicheka kwa pua. Sindano zikarudi. Nikasema basi, tutatumia kidole gumba. Seremala mwenyewe alikuwa akibonyeza tu pale sindano zake zote zilipokuwa zimechomwa kwa wagonjwa wengine. Nikaanza kuelekeza kupitia ukutani. Nilimwambia mke wangu atafute mashimo mawili yaliyo chini ya kifuniko cha goti, kama macho. Achukue la upande wa nje. Aweke kijiti pale, ashuke hadi alama ya nne. Halafu atoke kwenye mfupa wa muundi kwenda nje, kidole kimoja, abonyeze.

"Hapa?" akauliza.

"Sijui. Mimi naona ukuta."

"Mwambie," mama mkwe akasema, "ukuta huo aliusimamisha marehemu kwa mikono yake. Asiunung'unikie."

Mahali penyewe pakiguswa, mgonjwa husikia uzito unaoshuka, kama maji ya baridi yanayotiririka ndani ya mguu hadi kwenye vidole. Nilimwambia mke wangu aulize kama anausikia. Hakuusikia. Tulijaribu asubuhi, mchana na jioni, siku ya kwanza na ya pili. Mke wangu alibonyeza mpaka kidole chake kikawa chekundu. Mama mkwe aliripoti kwamba anasikia kidole cha binti yake, na kwamba kinauma.

Siku ya pili alasiri uvumilivu ukamwisha.

"Mwambie mtu wa ukutani kwamba mguu anaoutafuta ni wa mtu mwingine."

Niliinuka nikaenda kusimama kwenye shamba la njegere. Nilikuwa nimeudhika, na mtu aliyeudhika hukumbuka polepole. Nilimkumbuka seremala akipima mguu wangu. Hakutumia mkono wake. Kila mara alichukua mkono wangu mimi, akavilaza vidole vyangu juu ya mguu wangu. Nilidhani ni adabu yake ya kufundisha. Sikuandika jambo hilo katika daftari. Sasa nilielewa: kipimo ni kidole cha mgonjwa mwenyewe, kwa sababu kila mwili umejikata kwa futi yake. Mimi nilikuwa nimefikiri kama dresa. Kijiko cha dawa ya kikohozi ni kilekile kwa kila mtu, nikadhani na nukta ni hivyo. Mkono wangu ulikuwa wa mbeba machela. Mama mkwe wangu, mke wangu alishaniambia, alivaa viatu vya mtoto wa shule.

Nilirudi ukutani. "Kivunje hicho kijiti," nikamwambia mke wangu. "Chukua mkono wake yeye. Vidole vyake vinne."

Nikasikia mwanzi ukivunjika. Nikasikia wakisogea. Kisha mama mkwe akatoa sauti ambayo sikuwa nimeitegemea kwa mtu mkavu kama yeye, pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo.

"Wewe," akasema. "Inashuka. Inashuka mpaka kwenye kidole gumba."

Halafu akanyamaza, na mke wangu akanyamaza, maana alikuwa amesema nami moja kwa moja. Nilisogea kidogo kutoka ukutani ili asisikie kwamba nimesikia.

Siku ya tatu nilimpa mke wangu nukta nyingine za goti: macho yote mawili, na shimo lililo mbele ya kifundo cha mfupa kilicho chini kidogo ya goti, upande wa nje. Abonyeze asubuhi na jioni, kila nukta kwa muda wa kusema Baba Yetu mara tatu. Nilirudi Makambako. Nikapaka nyumba chokaa. Nikaziba nyufa za dirisha kwa udongo ili upepo upungue. Baada ya mwezi mmoja na nusu ikaja barua: mama ameshuka mtoni mwenyewe, na Jumapili amekwenda kanisani kwa fimbo. Niliisoma barua ile nikitafuta mstari unaosema siku ya kurudi. Haukuwepo. Nikadhani ameusahau. Kwa majuma mengi, kila lori lililotoka Njombe liliposimama, nilitoka hadi barazani nikiwa na kitu mkononi, bandeji au chupa, ili nionekane nimetoka kwa kazi.

Mwishowe nilikwenda mwenyewe. Uani kwa mama mkwe niliwakuta watu wanne wameketi kwenye gogo. Sikuuliza, nimekaa na wagonjwa vya kutosha kujua jinsi wanavyokaa. Mke wangu alitoka ndani akijifuta mafuta mikononi. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Alinisalimu vizuri, akaniletea maji, akaniambia nisubiri, akaingia tena na mzee mmoja aliyekuwa akichechemea. Kwa hiyo nilisubiri. Mama mmoja kwenye gogo akanisogezea nafasi, akaniuliza, "Na wewe ni goti?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni mume."

"Aa," akasema, akanitazama kwa huruma. "Basi utakuwa wa mwisho."

Tulizungumza jioni, mimi na mke wangu, pembeni ya shamba la njegere.

"Mama anatembea," nikasema.

"Anatembea."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi twende nyumbani."

Aling'oa jani, akalikunja. "Asipobonyezwa siku tatu, linakaza tena. Nikiondoka nani atambonyeza? Wewe? Utapitisha mkono ukutani?"

"Binamu yako yupo. Mfundishe."

"Na hawa? Yule mzee ametoka Mawengi kwa miguu. Ameniambia, 'Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya mikono yako.'" Alisema hivyo bila majivuno, kama mtu anayesoma anwani. Kisha akasema maneno ambayo ninayakumbuka kwa mpangilio wake. "Kule Makambako nilikuwa mke wa dresa. Nilikuwa nikifagia, nikikungoja saa kumi ifike. Wewe una kitabu chako, unaandika watu. Mimi nilikuwa nasikiliza upepo kwenye bati. Uliwahi kuniuliza nasikia nini?"

Sikuwa nimewahi. Mimi niliyeandika kila kitu, nilikuwa sijawahi kuuliza hilo. Upweke niliokuwa nao kwa miezi ile, yeye alikuwa nao nyumbani kwangu miaka mitatu, na mimi nikiwa ndani ya nyumba.

Ningeweza kusema hivyo. Badala yake nilisema kitu kingine, kwa sababu yeye aliuliza: "Zipo nyingine? Umenipa za goti tu. Watu wanakuja na kichwa, na tumbo, na kukosa usingizi. Nawarudisha."

"Zipo," nikasema. "Ziko kwenye daftari, Makambako."

"Nitumie."

"Hazisomeki bila mwili. Lazima uone mahali, upime, ubonyeze mtu. Njoo."

Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ilikuwa chambo, na nadhani alilijua hilo, maana alinitazama kwa muda mrefu. Lakini alitaka zile nukta. Alimwachia binamu yake kazi ya goti, akaja Makambako kiangazi kilipoanza.

Siku zile ndizo siku zangu njema, na itabidi nizieleze pamoja na nilichokifanya ndani yake. Kila siku saa kumi nilifunga zahanati, nikatandika mkeka sebuleni, nikalala juu yake. Yeye alikaa na daftari magotini. Tulianza kichwani tukashuka, kama seremala alivyofanya: utosi, mahali ambapo mistari miwili inayopanda kutoka masikioni inakutana; mashimo mawili chini ya fuvu, nyuma ya shingo, ya kutibu kichwa na mafua; kisha mkono, mgongo, miguu. Alichukua vidole vyangu akapimia mwili wangu. Alikuwa mwanafunzi mkali kuliko nilivyokuwa mimi.

"Una muundi mrefu usio na faida," aliniambia siku moja.

"Una faida. Unachukua nukta tatu."

"Kwa mtu mwingine zingetosha kwenye mguu mfupi."

Nukta ya wayo, ile iliyo kwenye bonde dogo mbele ya katikati ya unyayo, ni ya mtu asiyepata usingizi. Alipoibonyeza nilisinzia palepale. Nilisikia sauti yake kwa mbali ikisema, "Mgonjwa amekufa. Kazi nzuri." Ugali ulikuwa wa watu wawili, na haukubaki.

Tungeweza kusoma nukta nne kwa siku. Nilimfundisha mbili, na siku nyingine moja. Alipouliza kwa nini, nilisema mkono lazima uzoee. Daftari lilipokaribia mwisho, akaanza kuzungumza juu ya lori la kurudi. Nami kila alipolitaja nilisema, "Bado ukurasa mmoja." Hilo lilikuwa kweli. Ukurasa mmoja wa nyuma nilikuwa sijamfungulia. Nilikuwa nimeubandika kwa gundi ya unga wa maandazi na maji, siku moja kabla hajafika. Nilijiambia nitaufungua mwishoni kabisa, kwa kuwa ukishafunguliwa sitakuwa na kitu kingine anachokihitaji.

Aliuliza una nini. Nikasema, "Nyongeza."

Siku moja asubuhi, tukinywa chai, aliniambia kwamba kuna mke wa mwinjilisti kule kijijini, jirani yao, anayesumbuliwa na kichwa tangu masika. "Nimemwahidi nikirudi namuanzia yeye," akasema. "Maskini, na ule ujauzito. Miezi mitano sasa."

Niliweka kikombe chini. Ningepaswa kusema palepale. Sikusema. Nilijiambia kwamba yuko hapa nami, hawezi kumgusa mtu aliye Njombe, na kwamba nitasema kabla hajapanda lori. Siku hiyo ilipita. Ya pili ikapita. Niliwahudumia wagonjwa wangu, nikaandika majina yao kwa mwandiko mzuri.

Siku ya tatu alikuwa anafunga vitu vyake taratibu, akiimba. Akasema, kama mtu anayesema jambo dogo, "Nilimwandikia binamu. Barua imekwenda jana na lori. Nimemweleza ile ya mkono, hapa katikati ya kidole gumba na cha shahada, nimemchorea kabisa, aanze kumbonyeza mke wa mwinjilisti asubuhi na jioni mpaka nifike. Kwa nini ateseke akinisubiri?"

Nilikwenda kwenye meza, nikachukua daftari, nikalowesha kidole kwa mate, nikaufungua ule ukurasa. Ulichanika kidogo kwenye kona.

Nilimweleza alivyonieleza seremala. Siku ya mwisho kabla kikosi chetu hakijahamishwa, yule Mchina aliingiza taulo lililokunjwa ndani ya shati lake, akashika kiuno, akatembea kama mwanamke mwenye mimba. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Aliuchukua mkono wangu, akakiweka kidole changu kwenye ile nukta iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaupiga mkono wangu ukaanguka. Akafanya hivyohivyo kwa nukta iliyo vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu. Na nyingine mbili. Kila mara aliupiga mkono wangu kwa nguvu. Kisha akatoa lile taulo chini ya shati, akalishusha sakafuni kati ya miguu yake, akalitazama.

Mke wangu alisikiliza amesimama.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu vitani."

"Siulizi hivyo. Nakuuliza hii ya mke wa mwinjilisti. Ulijua tangu juzi, tulipokunywa chai?"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Nilijua ukishaupata ukurasa huu utaondoka."

Alinitazama, na sikuona hasira niliyoitarajia. Ilikuwa kama anatafuta nukta asiyoipata. "Mimi nimekwisha kuondoka," akasema. "Ulikuwa unamzuia nani?"

Aliutoa ukurasa ule kwenye daftari, akaukunja, akauweka kifuani. Alichukua mzigo wake nusu haujafungwa. Nilimwambia nitakwenda naye. Akaonyesha kwa mdomo upande wa zahanati, ambako watu walikuwa wameanza kupanga mstari. "Wewe una wagonjwa," akasema. Alipata lori la mbao lililokuwa linaelekea Njombe, akakaa mbele na dereva. Nilisimama barabarani mikono mitupu.

Siku tisa sikujua lolote. Katika siku hizo nilijifunza kwamba kitabu cha wagonjwa kinaweza kuandikwa na mtu asiyejua anachoandika; kuna ukurasa ambao mpaka leo sikumbuki hata jina moja lake. Siku ya kumi barua ikafika. Ilikuwa fupi. Barua aliyompelekea binamu aliikuta bado dukani Njombe mjini, kwenye kasha la barua za vijijini, hakuna aliyekwenda kuichukua. Aliichana mbele ya mwenye duka. Mke wa mwinjilisti anabonyezwa nyuma ya shingo, na kichwa kimepungua. Mama anasalimu.

Mtoto yule alizaliwa miezi minne baadaye, wa kike, salama. Hilo pia nililipata kwa barua.

Hakurudi tena kuishi Makambako. Hatukuachana, hakuna aliyekwenda mbele ya wazee wala mbele ya mchungaji. Nilikwenda kwao kila nilipopata ruhusa, nikaketi kwenye gogo pamoja na wengine, nikala walichokula, na asubuhi nikaondoka. Niliomba kuhamishwa nikaambiwa kwamba Makambako inanihitaji. Kati ya safari na safari zilikuwepo barua zake. Zote zilikuwa za kazi. Kuna mtu ametoka Manda, mvuvi, bega halipandi, je, ianze nukta ipi? Kuna mtoto anayetapika, vidole vitatu vya mtoto vinatosha au ni viwili? Hakuna barua iliyouliza ninakula nini, na sikuona haki ya kulalamika.

Nilizijibu siku ileile zilipofika, saa kumi, kwa mpangilio mmoja: nukta, kipimo, matumizi, makatazo. Baada ya barua mbili tatu nilibadili mpangilio. Makatazo niliyaweka juu kabisa, kabla ya salamu.